Mashine Pepe au Kontena: Seva ya Hospitali Inahitaji Nini Kinondoni na Temeke

Umeme unaporejea baada ya kukatika, taa ndizo za kwanza kuwaka, zikifuatwa na feni na kompyuta za dirisha la usajili. Seva huchelewa. Katika hospitali inayopokea wagonjwa kutoka Mbagala, Tandika au Mwananyamala, dakika hizo za kuchelewa huonekana kwa macho. Mama aliyekwisha kutolewa damu anasubiri majibu yaliyomo ndani ya mfumo usiofunguka, mfamasia hana cheti cha dawa cha kusoma, na mhasibu hawezi kutoa ankara. Karani hufungua droo na kutoa daftari. Mfumo ukirejea baada ya robo saa, yaliyoandikwa daftarini huingizwa jioni. Usiporejea hadi asubuhi, baadhi yake hayaingizwi kamwe.

Ndiyo maana mjadala unaoonekana kuwa wa mafundi peke yao, yaani ama seva ya hospitali ipangwe kwa mashine pepe ama kwa kontena, unastahili kusikilizwa na waganga wafawidhi, wauguzi na wajumbe wa kamati za manunuzi. Sensa ya mwaka 2022 iliihesabu Dar es Salaam kuwa na watu 5,383,728. Temeke peke yake ilikuwa na zaidi ya milioni 1.3, na Kinondoni ikikaribia milioni moja. Hospitali za rufaa za Temeke na Mwananyamala, pamoja na hospitali za pembezoni kama Mbagala Rangi Tatu na Mabwepande, hubeba sehemu kubwa ya umma huo. Kumbukumbu za wagonjwa katika vituo vingi vya serikali sasa zimo katika mifumo ya kompyuta, GoT-HoMIS ukiwa ndio unaotajwa zaidi, na takwimu za vituo hupelekwa wizarani kupitia DHIS2, programu inayoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo na ambayo wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wameshughulika nayo kwa miaka mingi. Seva imekuwa kiungo cha hospitali kama ilivyo jokofu la damu.

Hali inayojirudia ni hii. Seva ya zamani imechoka, fedha za kununua mpya zimepatikana, na ofisa TEHAMA anatakiwa kuandika mapendekezo. Mshauri mmoja anamwambia atumie mashine pepe. Mwingine, aghalabu kijana aliyetoka chuoni karibuni, anamwambia kwamba zama za mashine pepe zimepita na kila kitu duniani sasa kimo ndani ya kontena. Wote wawili wana hoja. Hata hivyo hawazungumzii tatizo moja.

Tofauti yenyewe inaeleweka vyema kwa mfano wa nyumba za kupanga. Mashine pepe ni nyumba iliyojengwa ndani ya ua mkubwa ikiwa na mlango wake, mita yake, jiko lake na choo chake. Seva moja ya chuma hugawanywa na programu msimamizi ili kila sehemu ijione kuwa kompyuta kamili yenye mfumo endeshi wake. Moja inaweza kuendesha Windows kwa ajili ya programu ya zamani ya maabara, jirani yake ikaendesha Linux, na hakuna anayemjua mwenzake. Kontena ni chumba katika nyumba ya vyumba sita, ile inayofahamika na kila mkazi wa uswahilini: ukumbi mmoja katikati, uani pamoja, choo pamoja. Kila mpangaji ana kufuli lake na vyombo vyake, lakini msingi, paa na shimo la maji machafu ni vya wote. Katika kompyuta, kinachotumiwa pamoja ni kiini cha mfumo endeshi. Kwa hiyo kontena huwaka kwa sekunde chache na hula kumbukumbu kidogo, ilhali mashine pepe hudai nafasi yake nzima hata inapokuwa haina kazi kubwa.

Jina la kontena halikuchaguliwa kwa bahati. Mwaka 1956 meli Ideal X ilibeba makontena 58 kutoka Newark hadi Houston, na tangu hapo mzigo haukuhitaji tena kufunguliwa na kupangwa upya kila unapohama kutoka lori kwenda meli. Wakazi wa Kurasini, wanaopishana na malori ya bandari kila siku, hawahitaji kuelezwa faida ya jambo hilo. Kampuni ya Docker ilifanya vivyo hivyo kwa programu mwaka 2013: mtengenezaji hufunga programu pamoja na kila inachohitaji, kisha kifurushi hicho kikafanya kazi vilevile kwenye kompyuta yake na kwenye seva ya hospitali. Anayekumbuka siku za kusakinisha mfumo kwa wiki nzima, kwa sababu toleo moja la maktaba ya programu lilikataa kukaa na jingine, hawezi kuudharau uvumbuzi huu.

Kontena zinapokuwa mia au elfu, lazima apatikane wa kuzipanga. Kazi hiyo hufanywa na Kubernetes, iliyotolewa na Google mwaka 2014. Jina lake ni la Kigiriki na maana yake ni mshika usukani. Huamua kontena ipi ikae kwenye seva ipi, huifufua iliyokufa, huongeza nakala wateja wanapozidi. Ni chombo cha ajabu. Lakini hospitali ya manispaa yenye kabati moja la seva na maofisa TEHAMA wawili haina meli ya kukiendesha.

Hukumu hiyo inahitaji kutetewa, kwa kuwa wengi huiona kama woga wa mambo mapya. Ushahidi wake mzuri zaidi ni jambo dogo lisilotajwa katika mafunzo ya siku tatu. Kundi la seva za Kubernetes lililojengwa kwa njia ya kawaida ya kubeadm hujitengenezea vyeti vya kidijitali ambavyo sehemu zake huvitumia kutambuana. Vyeti vya usimamizi hudumu mwaka mmoja. Anayepandisha toleo la mfumo mara kwa mara huvipata upya bila hata kufikiri. Asiyegusa chochote, kwa imani kwamba kinachofanya kazi kisichokolewe, vyeti vyake huisha kimya kimya. Siku hiyo mgonjwa hasikii lolote, maana kontena zilizokwisha kuwaka huendelea kufanya kazi. Kisha umeme unakatika, betri za akiba zinaisha, seva zinazimika. Zinapowashwa, kila moja inamuuliza msimamizi wake iendeshe nini, na msimamizi hatambuliwi tena. Hakuna kinachowaka. Ofisa aliye zamu anatazama ujumbe wa kosa asioujua, saa nane za usiku, huku wodi ya wazazi ikipiga simu.

Tatizo hilo hurekebishwa kwa amri chache na anayelijua. Ni wangapi wanaolijua, na je, wako zamu? Matoleo ya Kubernetes hutoka takriban matatu kwa mwaka, na kila moja hutunzwa na watengenezaji kwa kiasi cha miezi kumi na minne. Hospitali inayoanza safari hiyo imejifunga kupandisha toleo angalau mara moja kwa mwaka, milele. Katika kampuni ya benki au ya simu yenye wahandisi ishirini, hiyo ni ratiba ya kawaida. Katika hospitali ambayo ofisa huyohuyo ndiye anayetengeneza printa ya mapokezi, anayewabadilishia madaktari nywila na anayepanda darini kufuatilia waya wa mtandao uliokatwa na panya, ni deni. Watumishi wa umma nao huhamishwa. Aliyejenga kundi la Kubernetes kwa mapenzi yake binafsi anaweza kupata barua ya uhamisho mwezi ujao, na anayempokea akakuta usukani asioweza kuushika.

Mashine pepe nazo zina taabu zake, ila taabu hizo ni za aina inayoonekana. Ofisa mpya hufungua ukurasa mmoja na kuona orodha: hifadhidata, mfumo wa hospitali, picha za eksirei, maabara. Anaweza kuagiza kwamba umeme ukirejea hifadhidata iwake kwanza, isubiriwe dakika mbili, ndipo mfumo wa hospitali ufuate. Kabla ya kupandisha toleo la mfumo hupiga picha ya papo ya mashine nzima, na mambo yakiharibika hurudi alipokuwa. Programu ya kifaa cha maabara iliyoandikwa kwa ajili ya Windows ya miaka iliyopita, ambayo muuzaji wake amekwisha kuisahau, huingia humo bila kubadilishwa herufi moja. Kwa hospitali zetu za pembezoni, zenye mchanganyiko wa mifumo ya serikali, programu za wafadhili na vifaa vya misaada, uvumilivu huo kwa vitu vya zamani una thamani kuliko wepesi wa sekunde chache wakati wa kuwaka.

Kuna suala la gharama, na hapa mwaka 2023 ulibadili mambo. VMware, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1998 na ambayo kwa wengi ilikuwa ndiyo maana yenyewe ya mashine pepe, ilinunuliwa na Broadcom mwezi Novemba mwaka huo. Mwezi uliofuata uuzaji wa leseni za kudumu ulikomeshwa na nafasi yake ikachukuliwa na malipo ya kila kipindi. Taasisi iliyozoea kununua mara moja na kutumia kwa miaka ilijikuta mbele ya ankara isiyokwisha. Bajeti ya hospitali ya manispaa haifanani na bajeti ya namna hiyo: fedha za ununuzi huja kwa mkupuo, mradi unapokuwepo, kisha hunyamaza kwa muda mrefu. Njia ya wazi ni kutumia KVM, iliyomo ndani ya kiini cha Linux tangu mwaka 2007, kupitia jukwaa kama Proxmox linalotengenezwa Vienna na linaloweza kutumika bila kununua leseni. Anayetaka msaada wa kampuni hulipia. Asiyeweza, mfumo haumfungii mlango.

Hata hivyo isidhaniwe kwamba programu huria hufuta kanuni za hesabu. Wauzaji hupenda kuahidi kwamba seva moja ikifa, nyingine itapokea kazi yenyewe. Ahadi hiyo inahitaji kura. Seva zinazolindana hupiga kura ili kuamua nani yu hai, na wapiga kura wakiwa wawili, mmoja akinyamaza, aliyebaki hana wingi na hathubutu kutenda. Wanahitajika watatu, ingawa wa tatu anaweza kuwa kikompyuta kidogo cha kupiga kura tu. Kubernetes ina sharti hilohilo, kwa hiyo hakuna anayelikwepa kwa kubadili jukwaa. Hospitali yenye uwezo wa kununua seva mbili inaweza kuridhika na jambo la chini zaidi lakini la kweli: kunakili mashine pepe kutoka seva ya kwanza kwenda ya pili kila baada ya muda. Katika Proxmox muda huo huwa dakika kumi na tano usipobadilishwa. Maana yake ni kwamba seva ya kwanza ikiungua, kazi ya hadi robo saa iliyopita hupotea: majibu ya malaria kadhaa, vyeti vya dawa kadhaa, pengine kipimo cha kundi la damu cha mtu anayengoja upasuaji. Hasara hiyo ijulikane na iandikwe, na mkuu wa maabara aambiwe mapema, ili karatasi za robo saa ya mwisho zisitupwe.

Je, kontena hazina nafasi hospitalini? Zinayo, na wanaozibeza wanakosea kama wanaoziabudu. Programu nyingi mpya za afya hutolewa zikiwa tayari zimefungwa kwenye kontena. Orthanc, programu huria ya kuhifadhi picha za eksirei na CT iliyoanzia katika hospitali ya chuo kikuu ya Liège nchini Ubelgiji, ni mojawapo. Kuikatalia hospitali isiitumie kwa kuwa imo ndani ya Docker ni ukaidi. Njia ya busara ni kuunda mashine pepe moja ya Linux na kuweka kontena ndani yake, chache na zenye kujulikana, zikiongozwa na faili moja la maelezo ambalo ofisa yeyote anaweza kulisoma. Nyumba yenye mita yake, na ndani yake vyumba vya kupangisha. Upo pia mtindo wa kati, kontena zinazobeba mfumo endeshi mzima badala ya programu moja, na zana rasmi za kusakinisha DHIS2 kwenye seva hutumia mtindo huo. Wenye kusema kwamba dunia imekwisha kuchagua upande mmoja hawajaitazama vizuri sekta yao wenyewe.

Na Kubernetes? Mahali pake ni pale penye watu. Kituo cha Taifa cha Kuhifadhi Data kiko Kijitonyama, ndani ya Kinondoni. Mfumo unaohudumia mamia ya vituo kwa wakati mmoja unahitaji kukua asubuhi na kupungua usiku, na una haki ya kupewa kikosi cha wahandisi wanaolala kwa zamu. Hospitali iutumie kupitia mtandao bila kulazimika kuujua. Lakini kutegemea kituo cha mbali kuna sharti lake pia. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipata hitilafu kwa pamoja na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoathirika zaidi. Seva iliyoko Ulaya ikawa kama haipo, ilhali mawasiliano ya ndani ya nchi hayategemei nyaya hizo iwapo yamepangwa yasitoke nje. Kuna watu huchagua wingu la ng'ambo kwa kuangalia bei ya mwezi peke yake. Wajiulize mfamasia wa Chamazi angesoma nini wiki ile.

Wepesi wa kushirikiana kiini una bei yake kiusalama. Mwezi Februari 2019 ilitangazwa kasoro katika runc, programu inayowasha kontena, iliyomwezesha mhalifu aliyemo ndani ya kontena moja kuitawala seva nzima. Kasoro nyingine ya jamii hiyo ilitangazwa Januari 2024. Mashine pepe hazikusalimika: Februari 2023 wahalifu walifunga kwa usimbaji maelfu ya seva za VMware duniani na kudai fedha, wakitumia tundu ambalo kiraka chake kilikuwa kimetolewa miaka miwili kabla. Ukuta wa mashine pepe ni mnene zaidi, jambo ambalo wahandisi wengi hukubaliana, lakini ukuta mnene wenye mlango usiotiwa kiraka kwa miaka miwili ni uwanja wazi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, huzihesabu taarifa za afya miongoni mwa taarifa nyeti. Majibu ya kipimo cha VVU yakivuja kutoka kituo cha Temeke, aliyeumizwa hataulizia jukwaa. Kwa sababu hiyo rejesta za wagonjwa na tovuti ya matangazo ya hospitali zisipangwe chumba kimoja, hata kama kumbukumbu ya seva ni ndogo na kishawishi ni kikubwa.

Lililobaki ni nakala za akiba, na ni hapa ambapo mjadala mzima wa majukwaa huwa mdogo. Picha ya papo iliyomo katika diski ileile si nakala ya akiba. Kontena inaweza kufutwa na kuwashwa upya wakati wowote, na ndivyo ilivyokusudiwa, kwa hiyo hifadhidata iliyowekwa ndani yake bila kutengewa hifadhi ya nje hufutika nayo. Wapo waliojifunza hilo kwa machozi. Nakala ikae kwenye kifaa kingine, katika jengo jingine, ikiwa imefungwa kwa usimbaji, na mara moja kila robo mwaka irejeshwe kwenye mashine ya majaribio ili kuhakikisha kwamba inasomeka. Jaribio hilo halidai leseni wala mshauri kutoka nje. Linadai alasiri moja na mtu aliyeruhusiwa kuacha printa za mapokezi kwa saa tatu.

Kamati za manunuzi zinaweza kusaidia kuliko zinavyodhani. Zabuni za seva kwa kawaida hutaja idadi ya viini vya prosesa na ukubwa wa diski, kisha mzabuni hufika na makabati yanayong'aa. Iongezwe aya moja inayosema kwamba kabla ya kupokelewa, mfumo utazimwa kwa kukata umeme kwenye swichi kuu mbele ya wajumbe, bila kuaga programu yoyote, kisha utawashwa na ofisa wa hospitali asiye mwajiriwa wa mzabuni, akiwa na maelekezo yaliyoandikwa kwa Kiswahili na kubandikwa mlangoni mwa chumba cha seva. Karani wa dirisha la usajili akae kwenye kiti chake na saa mkononi, na kipindi kinachopita mpaka aweze kumsajili mgonjwa wa kwanza kiandikwe kwenye hati ya makabidhiano.